Upande wa Mwalimu

Jumatatu, 3 Februari

Naomba radhi kwa kimya cha miezi mitano. Daftari hili halisomwi na mtu, kwa hiyo sijui namwomba nani. Lakini mwalimu aliyekosa vipindi huomba radhi, hata kama darasa lilikuwa tupu. Sikuwa mgonjwa. Sikuwa na la kuandika.

Leo ni kama jana. Kuamka saa kumi na moja. Rozari. Chai ya rangi. Binti yangu Esperansa ametoka saa kumi na mbili kwenda hotelini, kwenye chumba cha kufulia. Mimi nimemsindikiza mwanawe, Neema, hadi kituo cha basi la shule. Ana miaka kumi. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza na Kiswahili cha kuchanganya. Tunafika hivyo hivyo.

Mvua. Lango la magari limeharibika tena. Goti la kushoto linauma.

Kirundi ni lugha yangu ya kusali na kulia. Kiswahili ndicho nilichosomea ualimu, kule Tanzania, nilipokimbia mara ya kwanza nikiwa kijana. Ndicho ninachoandikia.

Alhamisi, 6 Februari

Neema ameleta kazi ya shule. Wanasoma jinsi wanadamu walivyohama tangu zamani. Ramani ya dunia, na mishale inayotoka Afrika kwenda kila upande. Nimeitazama sana. Mishale yote inakwenda mbele. Hakuna hata mmoja unaorudi. Aliyeichora hajawahi kuhama.

Kila mwanafunzi atengeneze chati ya ukoo wake: walitoka wapi, walipita wapi. Alhamisi ijayo zitatundikwa ukumbini na wazazi wataalikwa.

"Babu, you were a teacher, si ndiyo? Basi nisaidie. Wenzangu wata-print."

Nimemwambia sisi hatuchapishi, tunachora. Ameguna. Halafu amekuja kukaa karibu nami.

Nimefurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu sikumbuki mara ya mwisho.

Jumamosi, 8 Februari

Esperansa ameleta shuka kuukuu la hoteli, lililokuwa linatupwa. Pamba nzito. Bora kuliko chochote nilichowahi kuchorea.

Kule Tanzania, katika kambi ya wakimbizi, hatukuwa na vitabu. Nilichora kwenye mifuko ya unga wa msaada, nikiwa nimeipasua na kuifua. Njia yangu ilikuwa moja kwa miaka kumi na minne. Upande wa mbele: picha, mishale, na mapengo ya kujazwa. Upande wa nyuma: majibu. Nilisimama mbele ya darasa nimeushika mfuko kifuani, wanafunzi sabini wakiona maswali, mimi nikiinamisha macho na kuona majibu. Walidhani nina kichwa cha ajabu.

Kanuni ilikuwa hii: upande wa mbele unaweza kuwa na pengo. Upande wa mwalimu hauna ruhusa ya kuwa na kosa.

Mpango wetu ni huo huo. Neema atasimama ajaze mapengo, mimi nitashika shuka.

Barua ya Esperansa imefika pia. Mahojiano ya uraia wa Amerika, tarehe 24 Aprili. Amepiga kigelegele jikoni, na jirani yetu Mama Furaha, Mkongo, ameitikia kutoka ng'ambo ya ukuta bila kujua sababu. Esperansa ana kadi mia za maswali, zenye picha. Amezibandika kwenye jokofu, mlangoni, hata bafuni. Ninanyoa ndevu huku natazamwa na marais.

Jumapili, 9 Februari

Baada ya misa tumechora upande wa mbele. Mshale mwekundu kwa kukimbia, mshale wa buluu kwa kurudi. Mwekundu wa kwanza: mimi, kijana, navuka mto Malagarazi kuingia Tanzania. Wa buluu: mimi, mke wangu Venansia na mtoto wetu Deo tunarudi Burundi. Mwekundu wa pili: miezi michache baadaye, tunavuka tena, na sasa tuna mtoto mchanga. Kisha mwekundu mrefu hadi hapa Houston, Amerika. Mwekundu mfupi hadi Mansfield, katika jimbo hili hili, alikohamia Deo kufuata kazi ya ghala.

Neema ameuliza kwa nini tulirudi kama tungekimbia tena. Nimemwambia tuliambiwa kuna amani. Ameuliza nani alituambia. Nimemwambia achore mstari wake unyooke.

Jumatatu, 10 Februari

Nimeandika upande wa nyuma. Peke yangu, mchana, kwa mkaa. Mkaa hufulika. Ijumaa shuka litakuwa limefuliwa na halitakuwa na kitu.

Sijui niliamua saa ngapi kuandika kweli. Mkono ulikwenda wenyewe hadi kwenye jina la Esperansa, ukakataa kuandika kosa.

Niliandika hivi: Esperansa wa kwanza, binti yangu, alifariki njiani akiwa na miezi mitatu. Esperansa wa pili, binti wa Anesi. Jina alilopewa na mama yake: na hapo pengo.

Sijawahi kuyaandika maneno hayo popote. Hata hapa.

Ilikuwa hivi. Tulipovuka, tuliandikishwa mpakani: baba, mama, watoto wawili. Siku ya tatu yule mchanga akafa kwa kuhara. Siku hiyo hiyo mwanamke aitwaye Anesi, ambaye hatukumjua, alikuwa anakufa kwenye turubai la pili, na mtoto wa rika lile lile kifuani. Watoto wasio na mtu walikuwa wanapakiwa kwenye lori na kupelekwa mbali. Venansia alikuwa na maziwa yanayomtoka bure. Alikwenda akamchukua. Aliporudi aliniambia, "Maziwa ninayo, na jina lipo kwenye kadi." Sikubishana. Kadi haikubadilishwa. Kutoka kwenye kadi likaingia kwenye faili, na kutoka kwenye faili likaingia Amerika.

Venansia amelala makaburini hapa Houston mwaka wa sita sasa. Tulikuwa wawili wenye kulijua. Nilibaki mmoja.

Jumatano, 12 Februari

Kliniki, kwa ajili ya goti. Basi mbili kwenda, basi mbili kurudi. Nimerudi saa kumi, shuka halipo. Neema amelipeleka shuleni. Mwalimu wake alitaka chati zote leo ili azitundike mapema.

Nilimuuliza alilikunja vipi. Alisema vizuri.

Upande wa mbele utakuwa mbele. Mtu yeyote mwenye akili atauweka mbele mbele.

Alhamisi, 13 Februari

Waliutundika wa nyuma.

Niliuona tangu mlangoni. Kati ya picha za rangi na karatasi zilizochapishwa, shuka jeupe lenye mkaa, urefu wa mtu. Neema alikuja mbio.

"Babu, nimechagua nyuma! Nyuma kulikuwa na majibu yote. The front was just blanks."

Hasomi Kiswahili. Aliona majina na mistari, akaona ni kamili zaidi. Mwanafunzi mwema hufanya hivyo. Mwalimu wake, mwanamke kijana mchangamfu, alinishika mkono na kuniambia kwamba ndiyo chati iliyo kamili kuliko zote.

Nilikuwa naenda kuigeuza. Esperansa alikuwa amefika kabla yangu, bado na sare ya hoteli. Alikuwa anasoma kwa kidole, kushoto kwenda kulia, bila kuruka neno.

Anasoma vizuri. Nilimfundisha mwenyewe.

Ijumaa, 14 Februari

Esperansa hakwenda kazini. Alingoja Neema aondoke, akaketi mbele yangu mezani.

"Baba, wa kwanza ni nani?"

Nikamweleza. Sikuongeza, sikupunguza. Hakulia. Aliuliza Anesi alitoka mlima gani, maana kwetu kijiji ni mlima. Sijui. Aliuliza amezikwa wapi. Naujua upande, si mahali. Kisha akauliza alilokuwa anatafuta tangu mwanzo: Anesi alimwita nani?

Anesi alilitaja jina. Venansia aliniambia hivyo, kwamba alilitaja mara mbili. Venansia alilisikia. Mimi nilikuwa upande mwingine nachimba kaburi. Na baadaye sikuuliza. Mwanzoni nilisema nitauliza tukitulia. Kisha nikaona nikilijua nitaliita siku moja kwa bahati mbaya. Kisha Venansia akafa.

Nilimwambia: sijui.

Esperansa akasema, "Uliandika pengo."

Ndiyo. Niliandika pengo.

Jumatatu, 17 Februari

Anapika. Anafua. Ananisalimu asubuhi, "Shikamoo, Baba," kwa sauti ya mtu anayesoma. Kadi za maswali amezitoa ukutani zote. Imebaki alama ya gundi.

Jumatano, 26 Februari

Ofisi ya msaada wa kisheria, kwa ajili ya mahojiano ya uraia. Tumekwenda wote wawili, mimi na Esperansa, katika gari moja. Mwanasheria ni mwanamke mtulivu. Mkalimani wa kwenye simu alikuwa hodari wa haraka, si wa usahihi. Nilimsahihisha mara nne, na Esperansa akanitazama.

Nilichoelewa ni hiki. Siku ya mahojiano Esperansa ataapa. Ataulizwa jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa, wazazi wake. Akijibu kama faili linavyosema, anaapa uongo akijua. Akisema kweli, hana ushahidi ila mkaa juu ya shuka. Shahidi ni mimi. Mimi ndiye niliyetamka jina hilo mbele ya dawati la wakimbizi, na mimi ndiye niliye hai. Itabidi niandike tamko na kulitia sahihi.

Nikitia sahihi, faili lote linaweza kufunguliwa. La kwake, langu, hata la Deo, maana tuliingia kwa faili moja. Labda watasema mlilea yatima, nendeni na amani. Labda watasema mlidanganya. Mwanasheria alisema "labda" mara saba. Anataka jibu langu ifikapo Jumatano ya Juma Kuu, tarehe 16 Aprili.

 Tulipofika nyumbani Esperansa alizima gari, akabaki ameshika usukani.

"Nilidhani nina tarehe ya kuzaliwa," alisema.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Kanisa limejaa Warundi waliotoka zamu ya usiku, wengine wanasinzia wakiwa wamesimama. Padre amenipaka msalaba wa majivu kwenye paji la uso. Nikakumbuka vidole vyangu siku ile ya mkaa.

Neema amenong'ona kwamba jivu langu limekaa kama mshale.

Jumamosi, 8 Machi

Shule zimefungwa wiki moja. Esperansa na Neema wamekwenda Mansfield kwa Deo. Amechukua begi kubwa. Shuka amelichukua pia. Kwa wiki moja begi dogo lingetosha.

Jumanne, 18 Machi

Hawarudi kwa sasa. Amepata kazi kwenye hoteli nyingine, karibu na Arlington. Neema ataingia shule ya huko. Alinipigia kunijulisha, kwa heshima zote. Anwani kwenye barua ya mahojiano haibadiliki, atakuja siku hiyo. Nilimwambia vizuri. Si vizuri.

Jumatatu, 24 Machi

Mama Furaha amegonga na bakuli la sombe, kisamvu cha Kikongo. Amesimama mlangoni akiangaza macho ndani ya nyumba.

"Mwalimu, weye unakonda vile! Ata panya ya kwako inahamiaka kwangu sasa. Iko inaomba asile!"

Nilicheka. Nilishangaa kusikia sauti hiyo. Panya anayeomba ukimbizi kwa jirani. Aliniuliza binti yangu atarudi lini. Nikasema hivi karibuni. Hakuuliza tena. Alifuta meza yangu kwa kitenge chake akaondoka. Mtu aliyehama mara nyingi anajua wakati wa kuacha kuuliza.

Sombe ilikuwa na chumvi nyingi. Nimeimaliza.

Jumamosi, 29 Machi

Deo amepiga simu akiwa kwenye gari. Siku zote hupiga akiwa kwenye gari, ili awe na sababu ya kukata.

"Baba, please, usi-sign kitu chochote. Unanisikia? Nothing. Mambo yale yamekwisha. Yeye ni dada yangu, period. Kuna mtu gani atafaidika tukifukua?"

Nilimwambia hakuna anayefukua.

 Nilisikia mlio wa magari barabarani. Kisha akasema kwa Kirundi, lugha ambayo hajanisemesha tangu mazishi ya mama yake, kwamba alikuwa anajua. Alikuwa na miaka sita. Alinifuata siku ile. Alisimama nyuma ya majani akaniona nachimba, na akaona shimo lilivyokuwa dogo. Aliporudi turubaini akakuta mtoto yupo, ananyonya. Hakuuliza. Alifikiri ndivyo inavyokuwa, kwamba wanazikwa na wanarudi.

Nikamuuliza, kwa pupa, kama alimsikia Anesi akisema jina. Hakulisikia. Alikuwa ananiangalia mimi.

Miaka yote hii nilidhani ninamlinda asijue. Mtoto wa miaka sita ndiye aliyekuwa ananilinda.

Jumatatu, 31 Machi

Sikulala vizuri. Nimefagia nyumba mara mbili. Nimeandika tamko kwenye karatasi ya kujaribia. Nimelisahihisha. Nimelichana.

Ijumaa, 4 Aprili

Esperansa amepiga simu. Nimejaribu kumweleza anachosema Deo. Hakunikatiza. Nilimlea hivyo.

Kisha akasema, "Baba, siku hiyo nitainua mkono na kuapa kwa jina la mtoto aliyekufa. Amekaa kule porini bila jina kwa sababu jina lake ninalo mimi. Mimi langu sinalo. Sasa niambie tu nimwambie nini yule afisa."

 Nimejibu maswali ya watoto maisha yangu yote, ila hilo.

"Wewe ndiye uliyeandika," akasema. "Sitakuamulia. Ukisaini, nitasema kweli, litakalokuja na lije. Usiposaini, nitajibu kama faili. Lakini Baba, nikijibu kama faili sitarudi kuishi humo. Sitaweza kukaa meza moja nawe tukiijua kweli yote."

Neema alichukua simu. Shule mpya hawatumii shuka. Aliniuliza lini nitakwenda. Nikamwambia goti likipona.

Anaita Mansfield "nyumbani". Wiki nne.

Jumatano, 9 Aprili

Nimehesabu njia zote. Nikitia sahihi, naweza kuwapokonya watoto wangu wote wawili nchi hii. Nisipotia, namfanya mmoja mwongo wa kiapo na kumpoteza. Hakuna njia ya tatu. Nimetafuta kama mwanafunzi anayegeuza karatasi akidhani kuna maelekezo nyuma.

Venansia angejua. Angeamua palepale, kama siku ile, na mimi ningenyamaza kama siku ile. Ninamkasirikia. Ni dhambi kumkasirikia maiti katika Kwaresima, lakini ninamkasirikia. Alikuwa na jina lile miaka zaidi ya ishirini na akaondoka nalo.

Halafu nikakumbuka kwamba sikumuuliza. Hata hospitalini. Nilikaa naye siku kumi na moja nikamsomea zaburi.

Jumapili, 13 Aprili

Misa ya Matawi. Deo ameendesha gari zaidi ya saa nne kuja, tumesali pamoja, amekula wali, ameondoka. Hakutaja tamko. Alipokuwa anavaa viatu alinipa mfuko. "Kutoka kwa dada," alisema tu.

Ndani mlikuwa na shuka. Limekunjwa vizuri, kona kwa kona, kama wanavyokunja hotelini. Anafua mashuka siku nzima. Hili hakulifua.

Nimelitundika dirishani, kwenye fimbo ya pazia. Jua la saa tisa linapita ndani yake. Mishale ya Neema inaonekana, na mkaa wangu unaonekana kwa nyuma, herufi zimegeuka. Pande zote mbili kwa pamoja. Sikuwahi kuliona hivyo. Kambini nilikuwa siku zote nimesimama upande mmoja.

Pengo liko palepale. Hakuandika kitu. Ila ameweka doa dogo la uzi mweupe mwanzoni mwa mstari, mahali herufi ya kwanza ingekaa. Ameshona ili lisifutike.

Karatasi ya mwanasheria iko mezani. Kalamu pia. Nje watoto wa majengo haya wanapigana kwa matawi waliyotoka nayo kanisani, na mama zao wanawakaripia kwa lugha nne. Chai imepoa.

Mwanasheria anangoja hadi Jumatano. Sitaandika tena humu hadi niwe nimeshika kalamu ile au nimeirudisha kabatini. Siku hiyo nitaandika ni lipi, kwa wino, bila pengo.